Kebo Kwenye Mparachichi wa Jirani

Kwa miaka sita intaneti ya nyumba yetu ilipita kwenye mti wa watu. Ilitoka kwenye nguzo ya barabarani hapa Kijenge, Arusha, ikaruka banda la kuku la jirani, ikafungwa kwenye tawi la mparachichi wake kwa kipande cha mpira wa tairi, kisha ikaingia sebuleni kwetu kupitia tundu la pili. Tundu la kwanza fundi alilitoboa kwa makosa, akaliziba kwa gazeti. Waya huo mmoja ulituletea televisheni na intaneti, na mvua ikinyesha ulivichukua vyote viwili kwa pamoja, bila upendeleo.

Jirani mwenyewe ni mama wa Kimachame, Mchaga, mjane, amenizidi miaka ishirini na ushee. Kati ya kiwanja chake na chetu hakuna ukuta. Wenzetu wa mtaa huu wamejenga kuta na kupandikiza vipande vya chupa juu yake, lakini sisi tumetenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea mirefu yenye majani membamba ambayo Wachaga huipanda mpakani, na sisi Wameru vilevile. Aliyapanda marehemu mumewe waliponunua kiwanja. Isale likishapandwa mpaka umekwisha, hakuna haja ya mwanasheria.

Siku ya kuvuta kebo fundi alituambia njia nyingine haipo isipokuwa kwa jirani. Nikaenda kuomba ruhusa nikiwa nimejiandalia maneno, maana mimi ni mtu wa maneno, ndiyo kazi yangu. Yule mama hakuyasubiri. Alisema, "Pitisheni tu," akarudi kwenye maharage aliyokuwa akiyachambua. Kupewa kitu kirahisi namna ile kunamwachia mtu aibu fulani, basi nami kwa aibu hiyo nikampa paswedi ya waifai.

Paswedi yenyewe ilikuwa moja mpaka nane. Fundi aliiweka hivyo akatuambia tutaibadilisha wenyewe baadaye, nasi tukafanya wanavyofanya watu wote wenye akili, hatukuibadilisha. Hata hivyo mama aliiandika nyuma ya bahasha ya sadaka, tarakimu zote nane, kwa mwandiko wa shule ya misheni, akaihifadhi ndani ya Biblia yake.

Ana binti mmoja tu. Ni muuguzi katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akaolewa hukohuko, na kuna karatasi zake ambazo kwa miaka yote hiyo zimekuwa zikishughulikiwa. Kila Jumapili, baada ya ibada na chakula cha mchana, mama alitoa kigoda chake akakiweka kando ya masale, mahali alipogundua kwa majaribio marefu kwamba mtandao wetu unafika ukiwa na nguvu zake. Hapo alikaa, simu ameinyoosha mbele kama mtu anayejitazama kwenye kioo, akaongea na binti yake ana kwa ana mpaka jua linapoanza kushuka.

Mwaka ninaousimulia, binti huyo alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imengojwa sana. Kwa desturi, binti akijifungua mama yake huenda kumlea: kumpikia mtori, ile supu nzito ya ndizi mbichi, kumkanda, kumwogesha mtoto, na hasa kukaa pale akitoa amri. Mama aliomba viza mara mbili, akanyimwa mara mbili. Basi akaamua kwamba uzazi huo atauhudumia kwa simu. Nilimsikia mwenyewe akimfundisha binti kupika mtori kwa ndizi za dukani ambazo, kwa maelezo ya binti, zilikuwa za manjano na tamu. Mama akamwambia azipike hivyohivyo, Mungu anaona.

Jambo moja alilirudia kwa kila aliyemsimamisha njiani: kwamba mjukuu wake atamwona siku ileile atakayozaliwa. Sitamshika, alisema, lakini nitamwona. Alichokitegemea ni kigoda, simu, na kebo yangu. Haya nayaweka wazi mapema ili asije akatokea mtu mwenye huruma wa kunitetea kwamba sikujua.

Sasa niseme habari zangu. Mimi ni mkalimani. Arusha ni mji wa mikutano, na zamani nilifanya kazi yangu nikiwa nimefungiwa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, nikipewa maji na biskuti. Siku hizi nusu ya mikutano inafanyika kwenye kompyuta, kwa hiyo nakaa chumbani kwangu, mlango nimeufunga, vipokea sauti masikioni, nikiyageuza maneno ya waheshimiwa yawe Kiswahili huku kuku wa jirani wakitoa maoni yao. Kazi hii haitaki mtu akatike katikati ya sentensi. Kebo yetu, kwa upande wake, haikupenda kukatika mahali pengine.

Kuna mjumbe mmoja aliwahi kusema, kwa maneno mengi, kwamba nchi yake haitashiriki katika mpango ule kabla haijapewa nafasi ya kuwashukuru rasmi wote walioubuni. Nikaanza kutafsiri: "Nchi yetu haitashiriki katika mpango huu." Hapo kebo ikakata. Niliporudi, dakika saba baadaye, wajumbe walikuwa wamekwenda kunywa chai na nusu yao hawasalimiani.

Tangu siku ile nikawa mtabiri wa hali ya hewa. Mlima Meru ukijifunika wingu zito kabla ya saa sita mchana, nampigia mkalimani mwenzangu akae tayari. Fundi wa kebo nilikuwa nimemzoea kuliko ndugu zangu wa Tengeru. Akija anapanda ngazi, anaufuta waya kwa kitambaa, anaupuliza, anashuka, anasema sasa iko vizuri. Na kweli inakuwa vizuri mpaka afike kwenye kona.

Kwa hiyo watu walipoanza kuchimba mtaro kando ya barabara yetu na kuulaza mrija mweusi ndani yake, nilikuwa wa kwanza kutoka nje kuuliza. Wakaniambia ni faiba. Wiki iliyofuata akaja dada wa mauzo, fulana mpya, viatu vya vumbi, akaketi sebuleni na kutueleza kwamba hii si intaneti ya kupita kwenye waya wa shaba, hii inakuja kwa mwanga. Mume wangu, ambaye hawezi kuelezwa jambo bila kutafuta mlango wa nyuma, akauliza umeme ukikatika huo mwanga unakwenda wapi. Dada akakiri kwamba ruta itazima. "Basi ni kebo tu hiyo," akasema mume wangu, akairudia televisheni yake.

Mume wangu anafanya kazi kule Kisongo, uwanja wa ndege, kwenye mizigo. Ni mtu wa Morogoro, mpole, na ana imani kwamba kitu kibovu unachokijua ni ndugu yako. Zaidi ya hapo, kebo ilikuwa na chaneli zake za mpira.

Dada wa mauzo akanigeukia mimi. Aliuliza tunatumia vifaa vingapi ili ajue anishauri kifurushi gani. Nikamwambia vitano: simu mbili, kompyuta mbili, televisheni. Akaomba ruhusa aitazame ruta yetu kwa simu yake. Akahesabu kimyakimya, akainua macho, akasema kumi na saba.

Tukaviangalia pamoja. Kulikuwa na simu mbili zilizojiita Usiniguse, ya kwanza na ya pili. Kulikuwa na printa, na sisi hatuna printa. Kulikuwa na televisheni ya mtu, sebuleni kwa mtu, ikitazamwa kwa raha zake kwa jasho langu. Na kulikuwa na ile simu ya jirani, niliyoiandikisha mimi mwenyewe kwa jina la Bibi. Moja mpaka nane, kumbe, si siri ya kushinda mtaa.

Nilikasirika. Nisiwe mnafiki, nilikasirika kwa furaha, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa na hasira isiyo na sababu na sasa sababu imeletwa mpaka kwenye kochi.

Hata hivyo hatukuamua siku ile. Sisi si watu wa kukurupuka. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, nikaigawa kwa mstari katikati, faida za faiba upande mmoja na hasara upande wa pili, na kila anayepita aongeze lake. Ilikaa pale wiki tatu. Mume wangu aliandika "mpira" upande wa hasara, akapigia mstari, na siku iliyofuata akaandika tena "mpira" kana kwamba ni hoja mpya. Mimi niliandika kazi, mvua, heshima yangu kwa waajiri. Niliandika hata kwamba mti wa jirani utapumzika.

Sababu ya kweli sikuiandika. Sababu ya kweli ni kwamba yule mama alikuwa amenichosha, na alinichosha kwa adabu, ambako ni kubaya zaidi. Kila kebo ilipozingua alikuja kwenye masale akaniita na kuniuliza, "Mwanangu, mtandao wako leo umeamkaje?" Mtandao wako. Kama ng'ombe wangu aliyelala bila kucheua. Nikiwa na vipokea sauti masikioni, mheshimiwa fulani akinipigia kelele za Kifaransa, naona kwenye dirisha mkono wa jirani unanipungia kwa upole. Akawaambia na akina mama wa umoja wao kanisani kwamba mtandao wangu ni mgonjwa, wakaanza kunisimamisha sokoni kunipa pole. Wengine sikuwa nawajua. Nikageuka kuwa kampuni ya simu isiyolipwa, na wateja wangu wote walikuwa wakiniombea.

Zaidi ya hayo, sauti. Jumapili ndiyo siku yangu ya kulala mchana, na ile simu ya binti ilifanyika hatua kumi kutoka dirishani kwangu, kwa Kimachame. Mama aliamini Kimachame ni pazia. Lakini Kimeru na Kimachame ni watoto wa nyumba moja, na mimi niliyezaliwa upande wa Tengeru kuelekea mlimani naambulia karibu kila kitu. Ndivyo nilivyojua habari za mtori. Ndivyo nilivyojua pia kwamba mimi ni mwanamke mwenye roho nzuri lakini nguo zangu zinalala kwenye kamba mpaka kesho yake. Ni kweli, zinalala. Nilinuna siku mbili.

Mwishoni mwa wiki ya tatu kebo ilikata nikiwa katikati ya neno "maridhiano", na nikaing'oa ile karatasi kwenye friji. Mume wangu aliuliza upande gani umeshinda. Nikamwambia faiba.

Mafundi wa faiba walikuja wawili, wakamaliza kabla ya chai ya saa nne. Waya wao ulipita chini, kutoka barabarani mpaka ukutani kwangu, ndani ya kiwanja changu mwanzo hadi mwisho. Sikuhitaji ruhusa ya mtu wala mti wa mtu, na nakumbuka nilijisikia kama mtu aliyehamia nyumba yake mwenyewe baada ya kupanga. Mchana akaja fundi wa kebo kuondoa vifaa vyake. Alipanda ngazi kwa mara ya mwisho, akaukata waya, nao ukaanguka kutoka kwenye mparachichi na kulala uani kwa jirani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja. Alimsaidia kuukunja ule waya. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama tunahama.

Nikamwambia hapana mama, tumebadilisha tu. Akasema sawa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ningependa kulipita haraka. Wale mafundi wa faiba walipokuwa wanamalizia, mmoja wao aliniuliza mtandao uitweje na paswedi iwe nini. Akanishauri vizuri. Alisema nikiweka jina lilelile la zamani na paswedi ileile, simu zote zilizokuwa zinaingia zitaingia zenyewe, hakuna atakayesumbuka, na wateja wengi hufanya hivyo. Nilimsikia na nilimwelewa. Nikachukua simu yake, nikaandika jina jipya, na kwenye nafasi ya paswedi nikaandika: katafuteyako. Fundi akaisoma, akatabasamu, akasema kweli mama, watu wamezidi. Tukacheka wote wawili.

Faiba ilikuwa kama walivyoisifu. Nitakuwa mwizi wa fadhila nikisema vinginevyo. Mvua ilinyesha nami naendelea kutafsiri. Waheshimiwa walimaliza sentensi zao, jambo ambalo wakati mwingine lilinifanya niikumbuke kebo. Mume wangu aligundua kwamba mpira upo hata huku, tena bila kale kaduara ka kuzunguka, akaacha kabisa kuwa na msimamo. Ruta ilionyesha vifaa vitano. Nilikuwa naifungua asubuhi na jioni, naviangalia vitano vyangu.

Jumapili ya kwanza mama alitoka na kigoda chake. Nilikuwa nyuma ya pazia, na sikuwa nimelala. Alikaa, akainua simu, akaishusha, akaifuta kwa kanga, akaiinua tena. Akahamisha kigoda kidogo kushoto, kidogo kulia, akijaribu upya mahali ambapo alishapajua kwa miaka sita. Nikajiambia: akija kuuliza nitampa, mara moja, bila neno. Mtu mwenye shida si huuliza? Hakuuliza. Aliingia ndani na kigoda chake.

Jumapili ya pili alitoka na kigoda bila simu, akakaa tu. Asubuhi yake nilikuta mkungu wa ndizi mshare umeegeshwa kwenye mlango wangu wa jikoni. Alikuwa akituletea ndizi mara kwa mara, lakini si mkungu mzima. Nikaupokea. Nikamwambia mume wangu kwamba mama jirani mavuno yake mwaka huu ni mazuri. Jumapili ya tatu hakutoka. Ya nne pia hakutoka, na mchana ule nililala usingizi mzuri mpaka saa kumi, bila sauti ya mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, akaja. Hakuja kwa kupenya kwenye masale kama siku zote. Alizunguka mpaka barabarani akabisha hodi getini, amevaa kitenge cha umoja wa akina mama na viatu vya kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, nikamkaribisha chai, akasema chai baadaye. Alikaa ukingoni mwa kochi. Akafungua pindo la kitenge, akatoa jani la isale lililofungwa fundo, akaliweka kwenye viganja vyake viwili na kuninyooshea.

Kwa asiyejua, isale lina kazi mbili. Ya kwanza ni mpaka. Ya pili ni msamaha: aliyekosa huchukua jani lake na kulipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo. Bibi yangu alituambia mtu anayelikataa isale hapati mvua shambani kwake. Mimi na shahada zangu na faiba yangu nilisimama na trei ya chai niliyokuwa nimeileta hata hivyo.

"Mwanangu," akasema, "nimejileta mwenyewe, sikutafuta mtu wa kunisemea. Nimekukosea, na majuma manne nimekaa natafuta nilikukosea nini. Nimepata mawili. Niliwaambia akina mama kwamba mtandao wako ni mgonjwa, na kitu cha kupewa hakisemwi. La pili, nilimwambia binti yangu habari za nguo zako kwenye kamba. Nilisahau kwamba ninyi mnatusikia. Na kama lipo la tatu ambalo silijui, jani hili ni la hilo."

Lazima nieleze jinsi alivyofika hapo, maana hakukosea njia. Kwetu huku mtu akikasirika hasemi. Anaacha kukuletea maziwa, au anapita bila kuuliza habari za kuku, nawe unakaa chini kujipekua mpaka upate. Kwake yeye, waya kukatwa juu ya mti wake na simu yake kufungiwa nje siku hiyohiyo hakukuwa habari za teknolojia. Ulikuwa ujumbe. Mkalimani ni mimi, lakini aliyetafsiri bila kukosea neno ni yeye. Sehemu moja tu aliikosa: alidhani mwenye kosa ni yeye.

Nikauliza habari za binti.

"Amejifungua," akasema. "Leo ni wiki ya pili. Wa kike. Walinipigia simu ya kawaida, ya haraka, wakaniambia wote wazima. Nikanunua bando nimwone, likaisha sura haijatulia." Akalitazama lile jani lililokuwa bado viganjani mwake. "Wanasema amefanana na mimi. Sijamwona."

Nilipaswa kupiga magoti pale pale. Nilipaswa kusema: mama, hukunikosea, ni mimi, niliulizwa na fundi nikachagua. Sentensi hiyo si ndefu. Nimetafsiri nzito kuliko hiyo kwa lugha tatu, bila kukatika. Badala yake nikaweka trei chini, nikalipokea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikasema, "Nimekusamehe, mama."

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine kwa ujira. Huo ndio pekee unaoniamsha.

Uso wake ukafunguka. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa ile bahasha ya sadaka. Tarakimu nane za zamani zilikuwa zimefutwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula, na chini yake palikuwa pameachwa nafasi. Akanipa na kalamu. Aliniomba nimwandikie ile mpya, asije akanisumbua tena kwa kuuliza.

Nikaishika kalamu. Nikaandika herufi ya kwanza, k, kwa mwandiko mzuri, chini ya mstari wake wa rula. Akainama kuitazama, miwani imeshuka puani, midomo ikijiandaa kusoma kwa sauti kama anavyosoma zaburi.

Nikamwambia asubiri, ruta ina tatizo kidogo. Nikaenda chumbani na simu yangu, nikafunga mlango. Nikafuta jina jipya nikarudisha la zamani. Nikafuta katafuteyako nikaandika moja mpaka nane. Ruta ikanionya kwamba paswedi hiyo ni dhaifu na wengine wanaweza kuikisia, ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikajizima, ikajiwasha.

Niliporudi sebuleni alikuwa amekaa vilevile, simu mapajani. Nilikuwa bado sijafungua mdomo kumwambia ni ileile ya zamani. Simu ikalia yenyewe. Ikalia tena, ikaendelea kulia bila kupumzika, majuma manne ya ujumbe yakimwagika kwa mara moja kwenye kitenge chake. Aliishika kwa mikono miwili akiogopa kuiangusha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaleta simu karibu kabisa na uso.

"Hayo masikio ni ya marehemu," akasema.

Akanionyesha. Yalikuwa masikio ya mtoto, mekundu, yamekunjamana. Nikasema kweli ni ya marehemu, ingawa marehemu sikumkuta. Ndipo akakubali chai, akanywa vikombe viwili, akaniuliza kama naruhusu awaambie akina mama kwamba mtandao umepona.

Kufika jioni ruta ilionyesha vifaa kumi na saba. Printa ilirudi, Usiniguse wa kwanza na wa pili walirudi, hata ile televisheni ilirudi na kuanza pale ilipoachia. Mume wangu aliporudi kutoka Kisongo alikuta jani lenye fundo limesimama kwenye glasi ya maji dirishani, akauliza ni ua gani hilo lisilo na ua. Nikamweleza isale ni nini, kazi zake zote mbili. Akasikiliza kwa makini, kama asikilizavyo watu wa Morogoro mambo yetu, na mwisho akauliza jirani alikuwa amenikosea nini.

Nikamwambia hakunikosea chochote. Akakaa akiliangalia lile jani, kisha akauliza basi kwa nini liko dirishani kwetu na si kwake.

Sasa mtoto ana mwaka na nusu. Kila Jumapili mama ananiita kwenye masale nimsalimie, na mtoto ananipungia mkono kwa mwanga, kutoka kwenye ile nchi ya baridi. Yale masale yanazidi kustawi. Yako hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, majani yake hayana idadi, na hadi leo sijachuma hata moja.